Kiondo Alichokichora Kavutha

Kavutha hakuweza kuacha kitu kilivyo. Gauni nililomshonea alilibadilisha vifungo wiki ile ile, na chai ya hotelini aliiongezea tangawizi kutoka mkobani mwake. Kwa hiyo alipofungua saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Machakos mwaka 2003, ukuta mmoja na cherehani yangu, nilijua kompyuta zile hazitabaki kama zilivyotoka dukani.

Faili za harusi alizipa picha ya pete. Za mazishi zikapata msalaba, na barua za kuomba kazi zikapata tai ya shingoni. Ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, orodha inayofunguka alikuwa ameipunguza na kuipanga upya kwa Kiswahili: Fungua, Chapa, Nakili. Wateja walimcheka kwanza, kisha wakazoea, mwishowe wakawa hawataki kwenda kwingine.

Pipa la taka ndilo alilolichukia. Ni ile picha ya pipa ambamo faili zilizotupwa hukaa zikingoja kufutwa kabisa.

"Sitaki takataka kwa uso ya kompyuta yangu," aliniambia.

Akachora kiondo, kikapu cha kusukwa chenye mistari myekundu, mfano wa vile alivyosuka mama yake. Alichora viwili, kimoja kitupu na kingine kimejaa mahindi. Ukitupa faili, kiondo kinajaa. Ukimwaga, kinarudi kitupu. Hata maandishi ya chini aliyaondoa, eti yanaharibu picha. Nilikisifu, maana kilikuwa kizuri kusema kweli.

Mwaka uliofuata mama yake, Munyiva wa Kola, alipatikana na uvimbe kooni. Daktari hakuzunguka: upasuaji ungemwokoa, lakini sauti ingekwenda. Na Munyiva alikuwa mwimbaji. Nyimbo za kulima, za kusuka, za kubembeleza watoto, nyingi alizitunga mwenyewe, na mmoja ulikuwa wa Kavutha alipokuwa mchanga, wenye jina lake ndani. Hakuna aliyewahi kuzirekodi. Kavutha akanunua maikrofoni haraka, akamleta mama yake saiba.

Munyiva hakujua kusoma, kwa hiyo bintiye alifanya kile alichokiweza. Alichora ngoma, ukiibonyeza, kompyuta inaanza kurekodi. Ukimaliza, wimbo unatokea pembeni ukiwa na picha ya ndege.

"Sasa mwaitu," akamwita mama yake kwa Kikamba, "ukimaliza uache tu hapo. Mimi nitaweka mahali yake."

"Ii, nimesikia," Munyiva akajibu.

Ulikuwa msimu wa harusi na wateja walijaa hadi mlangoni. Munyiva alikaa kwenye mashine ya kona asubuhi baada ya asubuhi, akiimba kwa sauti iliyokwisha kukwaruza. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao, nikawa nasimamisha cherehani nisikilize.

Lakini nani atamwambia mama wa Kikamba aache kitu cha thamani kikizagaa nje, na kiondo kiko mbele ya macho yake? Kadi ya kliniki, mbegu, kitambulisho, vyote vya Munyiva vilikaa kiondoni, na watoto wake walikatazwa tangu wadogo kuchungulia humo. Alikuwa amewaona wateja wakiburuta faili kwa kipanya. Akawaburuta ndege wake mmoja mmoja, akawatia ndani, na kiondo kikajaa mahindi.

"Umemaliza, mwaitu?"

"Nimemaliza. Nimeweka vizuri kabisa."

Kavutha alifurahi, asiulize wapi. Siku ya kumpeleka hospitali alipita kwenye mashine zote kuzisafisha kabla ya kufunga, kama kawaida yake: kitufe cha kulia juu ya kiondo, kisha Mwaga. Hakuchungulia ndani. Kompyuta huwa inauliza kama una hakika, lakini swali hilo alikuwa ameliondoa zamani kwa sababu lilimchosha.

Upasuaji ulikwenda salama. Munyiva alirudi na kitambaa shingoni, kimya, na siku alipopata nguvu Kavutha alimketisha kwenye mashine ya kona ili wasikilize pamoja. Mimi pia niliitwa. Kavutha akatafuta ndege kila mahali, hata mmoja asimwone.

"Mwaitu, uliweka wapi?"

Munyiva akatabasamu, akagusa kioo kwa kidole. Aligusa kiondo, na kiondo kilikuwa kitupu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Fundi aliyeitwa kutoka Nairobi alijaribu, akasema kadi za harusi zimeandikwa juu ya zile nyimbo, mahali pale pale zilipokuwa kwenye diski. Maji yakimwagika hayazoleki. Kavutha alirudisha lile pipa baya kwenye kila mashine, na tangu hapo hajachora tena. Nami nasikitika, kwa sababu mikono ile haikuwa na kosa lingine ila kupenda vitu vipendeze.

Fundi alipoondoka, alimweleza mama yake ukweli wote mbele yangu, huku akilia. Munyiva alimshika mkono, akaupigapiga taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Ndipo Kavutha akaanza kuimba ule wimbo wake, wenye jina lake. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili ukampotea, akarudia mwanzo, ukampotea tena, akamtazama mama yake.

Munyiva akafungua mdomo kumkumbusha. Midomo ilicheza ubeti mzima hadi mwisho, na sisi wawili tulikuwa tukiitazama tu.