Mwiba Niliouacha Kisiginoni

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili msije mkanionea huruma mkifika katikati, maana watu wakisikia habari za mke mkubwa aliyeachwa huwa wanamlilia kabla hajamaliza kusema. Safari hii machozi yenu wekeni akiba.

Jina langu haliwasaidii kitu. Sisi ni wakulima wa pamba, upande wa Dutwa. Niliyoyafanya niliyafanya enzi za ruksa, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao na mizani zao. Kabla ya hapo tuliuzia chama cha ushirika, unapewa karatasi, unasubiri hadi unasahau. Hawa wapya walilipa papo hapo, mkononi. Jamani, wanaume wetu walipata wazimu!

Wangu alinunua redio, akanunua suti ya mtumba, halafu akaoa. Binti mmoja anaitwa Minza, nimemzidi miaka kumi. Akamjengea ng'ambo ya kilima, kwenye shamba nililolifyeka mimi. Mimi, kwa mikono hii! Akahamia huko, akaniacha na binti yetu Kabula, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajafikisha.

Sikulia. Nilipanga.

Nilisikia siku ambayo lori lingefika kwake kupima pamba, na kwamba kijiji kizima kingekuwa pale. Nikasema, siku hiyo nitamuumbua hadi atafute pa kuficha uso. Na silaha niliyoichagua ilikuwa mtoto wangu mwenyewe. Mungu wangu!

Barabara ya kuzunguka ilikuwepo. Tena asubuhi ile shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipita na baiskeli, akaniamkia.

"Mwangaluka, shemeji. Panda nikupakie na mtoto, nami naelekea huko huko."

Nikamwambia tangulia. Nilitaka tupite kilimani. Nilitaka mtoto afike ana vumbi mpaka kwenye kope, kila mtu aseme, huyu ndiye mtoto wa mwenye suti?

Kabula alikuwa na gauni zuri na viatu vyekundu vya plastiki. Niliviacha ndani. Nikamvika kigauni kilichochanika begani. Mbeleko nikaiacha. Nikaacha na matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, ambavyo mama wa kwetu hatoki na mtoto bila kuvifunga kwenye pindo la kitenge. Vyote hivyo niliviacha kwa makusudi, nikijua ninachofanya.

Kitu kimoja tu sikukumbuka kukiacha, nacho ni pini. Wanawake wa kwetu tunatembea na pini kifuani kwa ajili ya miba. Yangu ilikaa pale gaunini miaka yote, hata nikaacha kuiona.

Kilima chenyewe mtu mzima anakimaliza kabla jasho halijamtoka. Kwa vile vimiguu vya Kabula kilikuwa dunia nzima. Mwanzoni alifurahi. Aliona pimbi juu ya mawe, akanivuta kitenge, "Mayu, lola!" Mama, tazama! Sikutazama. Nilikuwa nayarudia kichwani maneno nitakayomwambia baba yake.

Jua likapanda, mawe yakaanza kuchoma. Akaanza kurukaruka.

"Mayu, nibebe."

"Tembea."

"Mayu, nibebe!"

"Nimesema tembea. Baba yako atakubeba."

Tukafika juu, tukaanza kuteremka. Katikati ya mteremko akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia nikiwa napepeta mahindi. Nikamwinua mguu. Mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu, umeingia kisiginoni na kichwa chake kimebaki nje kidogo.

Nilikishika kile kichwa kwa vidole viwili. Ningevuta tu. Na kama kingeniponyoka, pini ilikuwa kifuani.

Nikakiachia!

Nikajisemea moyoni, acha auone yeye. Acha kila mtu auone. Nikamsimamisha mtoto, nikamshika mkono, tukaendelea. Akatembea kwa vidole vya mguu ule, na kila alipoteleza kisigino kilikanyaga na mwiba ukazidi kuzama. Nilimvuta. Mama gani mimi!

Tukawakuta kweli wamejaa pale kwenye mizani. Mume wangu ndani ya suti, na jua lile! Pamba yake ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, pamba safi, ile isiyochanganywa na fifi, pamba chafu ya daraja la pili, nyeupe tupu. Nikamtua Kabula katikati ya ile pamba. Damu ikaipaka.

"Mwadila, baba Kabula," nikamwamkia kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nimekuletea mwanao. Kaja kwa miguu kukuomba chakula."

Basi! Wanawake wakashika vichwa. Mzee mmoja akatema mate chini akamwambia, "Ng'ombe wako wanakula vizuri kuliko huyu." Hata yule mpimaji aliacha mizani akageuka. Mume wangu akatafuta pa kuficha uso. Nawaambia ukweli kwa kuwa nimekuja kuusema: nilisikia raha. Nilishiba kama mtu aliyekula nyama.

Aliyesogea kwa mtoto ni Minza. Alimpakata, akageuza ule mguu, akaninyooshea mkono bila kuinua macho.

"Dada, naomba pini."

Nikaifungua kifuani nikampa. Alichokonoa taratibu huku akimpuliza mtoto, lakini mwiba ulikuwa umekatikia ndani. Ndipo akaniangalia. Akaongea chini chini, nikasikia mimi peke yangu.

"Hii pini ilikuwa inafanya nini njia nzima?"

Hakuniuliza tena, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Na pini hakunirudishia.

Mguu ulivimba, ukatunga usaha. Tulikaa hospitali Bariadi wiki na wiki, wakampasua wakatoa kipande, wakanusuru mguu. Kisigino kilipona kimekunjamana. Kabula anatembea kwa vidole vya mguu huo mpaka leo.

Mnadhani niliacha? Nilianza! Kila aliyeuliza nilimjibu, "Baba yake ndiye kamlemaza, alitutelekeza." Nilimlisha mtoto maneno hayo kuliko ugali. Akakua anamchukia baba yake, chuki kavu. Baba yake alipougua alituma watu mara tatu wamwite. Kabula akakataa, na mimi nimekaa pembeni yake nachambua choroko, sikusema nenda. Alikufa hajamwona. Kisasi changu kilitimia chote, hakikubaki hata punje.

Aliyeninyima usingizi ni Minza. Neno moja tu lake lingenimaliza, naye hakulisema. Siku ya mazishi alinipa maji ya kunawa, kimya. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake kuliko kwa kuolewa kwake. Ningemwelewa kama angenitangaza, ningejua pa kumshambulia!

Sasa sikilizeni. Kabula ana mtoto, anaanza kutambaa na kushika kuta. Juzi alikuja kunisalimia, amepita kilima kile kile, anachechemea, mtoto mgongoni amelala. Nikamtilia chai. Alipoinama kumfungua mtoto nikaona kifuani pake pini kuukuu, kichwa kimeingia kutu. Niliitambua hapo hapo.

"Nimepewa na mama mdogo," akasema. "Kaniambia ukitembea na mtoto usikose pini. Nikamuuliza mbona ni kuukuu hivi, ilikuwa ya nani? Akasema, kamuulize mama yako."

Akaniangalia, anatabasamu, anasubiri.

"Ilikuwa ya nani, mama?"

Nikamwambia chai inapoa.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi, kwa kuwa yeye nimeshindwa kumwambia. Atarudi Jumapili, na najua atauliza tena.

Wewe mwanamke uliyeachwa, unayenoa meno yako sasa hivi, sikukatazi hasira, hata mimi bado ninayo. Nenda ukamtukane, chana hiyo suti yake, mwagia maji pamba yake. Lakini nenda peke yako. Mtoto mwache nyumbani, na umvalishe viatu.