Makumbi ya Shimo la Jirani

Mvua imelirowesha zulia la usumba wa nazi la mlangoni, na wajukuu zangu wanaziba pua. Mimi harufu hiyo ndiyo iliyonilea.

Mama, alipoachwa, aliapa haombi mtu hata chumvi. Pale Chwaka alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, yakioza anayachimbua, anayaponda, anasokota kamba za kuuza. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, kalitia kijiti cha alama. Safari moja maji makubwa yaling'oa vijiti vyote. Mama akakisia, akachimba. Tushamaliza kusokota, Idi keshokutwa, na nguo yangu itatoka katika kamba hizo zikiuzwa, jirani akasimama uani.

"Bi wee, shimo langu tupu! Hizo kamba za nani?"

Wanawake wakachungulia. "Kumbe haombi, anachukua tu!" Wakacheka.

Mama akaenda pwani, akafukua pembeni, akayakuta makumbi yake hayajaguswa. Akarudi.

"Nimekosea. Kamba zako hizi."

"Nipe nusu, mwenzangu. Kazi umefanya wewe."

"Zako zote." Akanigeukia mimi. "Jitwike."

"Mama, n'naona haya."

"Haya aone mwizi. Jitwike, twende."

Nikajitwika mzigo ule unanuka. Watoto wenzangu wakanifuata wakiimba, "Wezi wa makumbi!" Mama alikuwa mbele, kichwa juu, anaamkia kila baraza. Mimi sikuinua macho. Nilitazama visigino vyake tu, vilivyopasuka, tope limejaa ndani, mpaka mlangoni kwa jirani.