Mpelelezi Alipofika Nyanungu

Umeme ukikatika mtaani kwetu, jirani huwasha jenereta, na harufu ya petroli ikinifikia jikoni huwa naacha nilichokishika. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba pua yangu imeshafika Nyanungu, kwenye uwanja wa shule, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, siku gari la sinema na jenereta lake lilipotuletea mpelelezi.

Nilikuwa darasa la tatu. Gari lilikuja kutufundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji, na tulifundishwa kweli, tukiwa tumekaa chini kwenye majani huku giza likianza kuingia. Vyoo vilipokwisha, fundi wa sinema, kijana mpole mwenye suruali pana, alishika kipaza sauti akasema sasa tuburudike kidogo. Picha ilizungumza lugha asiyoijua hata mwalimu mkuu, kwa hiyo fundi mwenyewe angetueleza. "Ndugu wananchi," alisema, "hii ni hadithi ya mpelelezi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu mpelelezi alikuwa mtu wa aina moja tu: yule anayetangulia kijijini mchana, akaomba maji ya kunywa, akahesabu ng'ombe kwa macho na kuangalia ua umelegea wapi, ili usiku wenzake waje kuwaswaga na kuwaiba. Na huyu wa kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele yetu, mwenye kofia na koti refu, alifanya yale yale. Alichungulia madirishani. Aliinama kupima nyayo. Alimpa mtoto peremende amwambie baba yake analala wapi. "Mpererezi huyo!" mzee mmoja alipaza sauti nyuma yangu. "Mura, mkamateni!" Kwetu mura ni kijana, basi vijana wawili wakasimama na fimbo zao, wasijue waelekee wapi.

Kisha, mle kwenye picha, maiti akaamka. Alikuwa amepakwa unga uso mzima, na mwaka ule wa njaa, wakati sisi tukila mahindi ya njano, kina mama waliguna zaidi kwa ule unga kuliko kwa kuogopa. Mlango ulijifungua wenyewe, na kamba iliyouvuta tuliiona sote. Mpelelezi hakukimbia. Alivua kofia, akamuuliza marehemu ni nani aliyemuua, na marehemu akamjibu vizuri tu, kama mtu anayeulizwa njia ya kwenda kisimani.

Tulirudi nyumbani tukibishana. Wazee walishikilia kwamba yule ni mwizi wa ng'ombe na serikali imefanya makosa kumtembeza na gari lake. Mwalimu alisema ni askari asiyevaa sare. Katekista alisema kuongea na wafu ni dhambi, ingawa alikuwa amekaa mbele kabisa na hakufumba macho. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameishukuru picha kwa kutuhimiza ujirani mwema. Mimi nilimsadiki kila aliyesema, mmoja baada ya mwingine, mpaka kichwa kikaniuma.

Bibi yangu Robi, mama yake baba, hakubishana na mtu. Alfajiri aliniamsha, akiwa na kuku mkononi. "Bhoke, twende ukanisemee kwa yule mgeni," aliniambia kwa Kikurya, kwa kuwa Kiswahili hakukisema hata neno moja. Nilijua anachokwenda kutafuta. Baba mdogo Marwa, kitinda mimba wake, alifuata nyayo za ng'ombe walioibwa, akaelekea upande wa Serengeti, na misimu mitatu ya mavuno ilikuwa imepita. Wengine walisema ameoa Kenya. Wengine walisema ni simba. Wenye msiba hunyoa nywele, lakini kumnyolea mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Basi nywele za Bibi zilikuwa zimebaki kichwani, na hakuruhusu mtu azitaje.

Tulimkuta fundi akikunja shuka lake. "Shikamoo," nikasema. "Bibi anauliza, mpelelezi wako yuko wapi? Anataka amuulize mwanawe kama amekufa."

Hakucheka, nami namshukuru mpaka leo. Alitutazama, akamtazama na kuku. "Marahaba, mwanangu. Mwambie bibi pole sana. Mle hakuna mtu. Ni mwanga tu, unapita kwenye mkanda."

Sikujua mkanda ni nini, sembuse kuusema kwa Kikurya. Nilishika kile kipande nilichokiweza. "Anasema hayupo," nikamwambia Bibi.

"Hayupo kabisa?"

"Kabisa." Mimi nilikuwa nikimsema mpelelezi.

Bibi alimpa fundi yule kuku. Tulirudi nyumbani. Mchana nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba, mama yangu akimnyoa kwa wembe, wote wawili wakilia. Baba alipotoka machungani alitupa fimbo chini. "Nani amewaambia ndugu yangu amekufa?" Bibi alisema ameambiwa na mwenye kujua. Nilijificha nyuma ya ghala, kwa sababu nilielewa jambo moja tu: nimemuua baba mdogo kwa kutafsiri vibaya.

Marwa hakurudi. Lakini miaka yote ile, kila mgeni alipobisha hodi nilishtuka, nikidhani ndiye, amekuja kuniuliza ni kwa nini nilimzika. Bibi alifariki sijamwambia kitu. Nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, nikashindwa kuibeba siri ile tena, nikamwambia mama yangu kila kitu, hata yale maneno ya mwanga na mkanda niliyoyaacha.

Mama aliendelea kupepeta mtama. "Bibi yako alipeleka maziwa misheni tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Kiswahili alikuwa anakisikia chote. Alikuwa hapendi kukisema tu."

Kumbe yule kijana alimwambia pole, na mwanga, na mkanda, na yeye aliyasikia yote kabla sijafungua mdomo. Kisha akanigeukia mimi, mtoto wa miaka tisa, akaniuliza kama hayupo kabisa, apate wa kumruhusu kunyoa.