Miche Tisa ya Sabuni

"Sabuni hailiwi! Ingekuwa inaliwa, mngesema nimeila. Miche tisa nimenunua kwa hela yangu, nikawafulia shuka, wageni wenu wakalalia sabuni yangu. Nani ananilipa?"

Aliyefoka hivyo katikati ya ua, povu likimtiririka kwenye viwiko, alikuwa dobi wa hoteli. Mji mzima ulimwita Bi Pasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Aliowauliza walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, kila mmoja kwenye dirisha lake la ghorofani, kila mmoja kageuza shingo asimwone mwenziwe.

"Mwambie huyo wa pili," alisema kaka mtu. "Shuka zake ndizo chafu."

"Mwambie huyo wa kwanza," alisema mdogo mtu. "Zake ndizo nyingi."

"Mwambie, mwambie! Mimi dobi au tarishi?"

Upuuzi huu ulianza na baba yao. Alishuka bandarini na gunia moja la misumari, akauza misumari, kisha chumvi, kisha mafuta ya taa. Meli zilipoanza kushusha abiria wasio na pa kulala, akaondoa magunia ya chumvi ghala la juu, akapanga vitanda ishirini, akaandika HOTELI mlangoni. Kuta zilitoa jasho la chumvi. Wageni waliamka midomo imekauka kama ng'onda, naye akawaambia hiyo ndiyo hewa ya bahari, akawatoza hela kwa hewa hiyo. Leo watoto wanafundishwa kwamba mji ulijengwa na wafanyabiashara wenye kuona mbali. Kuona mbali gani? Mzee aliona ghala tupu na mtu mwenye usingizi, basi.

Bi Pasi alifika hapo akiwa na miaka ishirini na mbili, ameachika, mali yake yote pasi ya mkaa na kanga mbili. Mzee akampa chumba cha uani, kando ya kisima. "Kaa humu mpaka uchoke mwenyewe," alimwambia. Msumari mmoja ukiuzwa mzee aliuandika daftarini, lakini ahadi kwa dobi aliiacha ipepee hewani. Miaka thelathini na minne Bi Pasi alifua, akaanika, akapiga pasi. Hata nepi za hao mabwana wawili alizifua yeye.

Mzee alipofariki, wanawe wakagawana. Ukuta wa mbao ukapigwa katikati ya ukumbi. Ngazi nayo ikapasuliwa kwa uzio, mgeni mwenye sanduku kubwa akawa hapiti kulia wala kushoto. Kaka akatundika kibao, HOTELI KUU. Mdogo akatundika chake, HOTELI KUU HALISI. Kisima hakikukatika kwa msumeno, na Bi Pasi pia hakukatika, wakabaki naye wote. Shuka akazitia alama pembeni kwa sindano: uzi mwekundu za kaka, uzi wa buluu za mdogo. Toka hapo hawakusemezana mwaka mzima.

Sabuni ya marehemu ilipokwisha ghalani ndipo mambo yakakwama. Anayenunua mche mzima atakuwa amemfulia mwenziwe bure. Na kuukata nusu kwa nusu kulitaka wasimame pamoja, kila mmoja aone kisu kimepita wapi. Thubutu! Miezi mitatu Bi Pasi akanunua mwenyewe.

Sasa, baada ya kufokewa, kaka alikohoa. "Kama umechoka, sema. Hicho chumba nataka kuweka jenereta."

Mdogo, ambaye hakuwahi kukubaliana naye hata juu ya mvua ikinyesha, akadakia dirishani: "Hata mimi nakitaka. Mwisho wa mwezi uwe umetoka."

Bi Pasi aliinamia beseni lake, na anayemjua angeogopa hapo hapo. Aende wapi mwanamke wa miaka hamsini na sita, na pasi yake? Alifua shuka zote arobaini, akazianika, zikakauka. Alasiri akaketi kisimani na wembe, akafumua uzi mwekundu, akafumua uzi wa buluu, shuka moja baada ya nyingine. Kisha akazikunja, akazipanga rundo moja chumbani mwake, akafunga mlango.

Kesho yake meli ikaja. Wageni wakajaa barazani na masanduku yao. Mama mmoja mnene akakalia la kwake akauliza, "Vitanda vipo au tulale kwenye hivi vibao?"

Ndugu wakateremka mbio, mmoja upande huu wa uzio, mwingine upande ule. Bi Pasi alikuwa kwenye kiti, mgongo kwenye mlango wake.

"Shuka zangu ziko wapi?" aliuliza kaka.

"Humo ndani."

Kaka akachungulia dirisha la chumba. "Mbona hazina alama?"

"Kutia alama ni kazi ya dobi wa hapa. Mimi natoka mwisho wa mwezi."

"Basi gawanya!"

"Mimi hakimu? Gawaneni nyie. Lakini kwanza sabuni yangu na chumba changu. Kabla ya hapo huu mlango haufunguki."

"Vitanda!" alifoka yule mama barazani.

Kaka alitazama chini, akatazama kisima, akamaliza pa kutazama. "Wewe... una wageni wangapi?"

"Kumi na mmoja," mdogo akanong'ona. "Wewe?"

"Tisa."

Hayo ndiyo mazungumzo ya watoto wa mfanyabiashara mkubwa baada ya mwaka mzima. Wakaenda dukani pamoja, hawatazamani, wakarudi kila mmoja kabeba sabuni kwenye karatasi.

"Na chumba?"

"Kaa," alisema kaka.

"Siwasikii wote."

"Kaa, mama," walisema wote wawili. "Mpaka uchoke mwenyewe."

Bi Pasi akapokea, akahesabu. Kaka: minne na nusu, imekatwa kwa kisu, sawasawa. Mdogo: minne tu.

"Nusu yako?"

"Duka limeishiwa, mama. Kesho asubuhi nakuletea, haki ya Mungu."

Akamtazama kuanzia viatu hadi kola, kola aliyoipiga pasi yeye mwenyewe juzi.

"Hiyo nusu nimekusamehe," akasema, akichomeka ufunguo mlangoni. "Ukiipata, kaogee."