Blogu Yetu ya Bure

Nilipaswa kusema hapana. Mama aliyekuwa na saiba karibu na soko la Jericho, duka dogo la kompyuta tatu, aliniuliza kama anayemuuliza babu yake, vidole vikiwa tayari kwenye kibodi: "Guka, nitumie imeli yangu tu tumalize?" Nami nikamjibu, "Tumia, mama. Mambo ya bure hayana mlolongo." Nimesema mengi ya kijinga maishani, lakini hilo nililisema nikiwa nimevaa tai.

Niliivaa kwa sababu siku hiyo nilikuwa nafungua blogu. Nilikuwa karani wa reli mpaka nikastaafu, na yote niliyoandika huko yalikuwa mali ya wengine: barua za wakubwa, orodha za mizigo. Sasa nilitaka kuandika la kwetu. Mke wangu alishona nguo miaka mingi katika kibanda kimoja cha soko hilo, na hapakuwa na nyumba mtaani asiyoijua. Alijua harusi ipi ilinyeshewa, na ni mjomba gani alijificha chini ya meza ya keki. Alisimulia, watu wakacheka wakishika mbavu, kisha kila mtu akachukua nguo yake akaenda. Nilitaka maneno yale yabaki.

Binti yetu ni karani katika mahakama ya Makadara. Jumapili moja baada ya kanisa alinionyesha majukwaa mawili ya kuandikia blogu, yote ya bure. La kwanza lilikuwa na picha kubwa za kupendeza, na lilikuhesabia wasomaji. La pili lilikuwa jeupe kama fomu ya serikali, lakini lilikuruhusu kuchukua nakala ya kila ulichoandika ukaihifadhi nyumbani.

"Baba, chukua hili jeupe," alisema. "Na ungoje Jumamosi nije nikufungulie imeli yako mwenyewe. Kule kortini, karatasi isiyo na nakala ni porojo."

"Mimi nilishika faili kabla hujazaliwa," nikamwambia.

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Hiyo kitu ni ya bure, ama ni bure kabisa?"

Tulicheka sote watatu. Neno ni lile lile: kitu kisicholipiwa ni cha bure, na mtu asiyefaa kitu naye ni bure. Nililichukua kama mzaha tu.

Jumatano ilipofika sikuweza kungoja tena. Nikafunga tai, nikaenda saiba, nikachagua lile lenye picha.

Acha nijisifu kidogo, maana kazi tuliifanya. Kila asubuhi nilikaa kwenye benchi kando ya cherehani ya mke wangu, simu mkononi, herufi nimezikuza kama za bango. Yeye alipiga pindo huku akisimulia, nami nikaandika kwa kidole kimoja, moja kwa moja kwenye blogu. Daftari sikuwa nalo. La nini, na maneno yalikuwa tayari yameshafika duniani?

Hadithi ya kwanza ilimhusu jirani aliyekwenda kuposa kwa suti ya kuazima. Nilipomaliza, akaniambia nimsomee. Nikasoma: "Suti yake ilikuwa ndogo kuliko kipimo chake."

Akasimamisha cherehani. "Nani amesema hivyo?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nimesema suti ilimbana mpaka akawa anapumua kwa zamu. Huyo wako ni karani wa reli. Usiyapige pasi maneno yangu, mzee. Nguo ni yangu na mikunjo ni yangu."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja nguo zao walinicheka bila huruma. Mmoja akasema, "Buda, leo umepimwa!" Tangu siku hiyo niliandika alivyosema, na Sheng yake ya ujana ndani, pamoja na sentensi zake zilizoanza Jericho zikaishia Shauri Moyo. Nilipata alama nzuri za Kiswahili sekondari, lakini kuandika nilijifunzia kwenye benchi lile.

Watu walisoma. Vijana wa sitejini, pale zinaposimama matatu, walinisimamisha kuniuliza kama yule mjomba alitoka chini ya meza. Kanisa letu lilichapa ile ya suti katika ratiba ya siku ya mavuno. Mtu mmoja aliyezaliwa katika safu yetu ya nyumba, ambaye sasa yuko ng'ambo, aliandika kwamba aliposoma kuhusu foleni ya maji mferejini alimsikia mamake akimwita. Mke wangu alitaka nimsomee ujumbe huo mara tatu. Akakata uzi kwa meno, kisha akasema, "Mwambie mamake hajarudisha sufuria yangu."

Tulifikisha hadithi arobaini na nane. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa fahari kuliko hiyo, wala sikuwahi kumjua mke wangu vizuri zaidi.

Kisha aliugua, na msimu wa mvua ndefu akafariki. Kwa miezi kadhaa sikuweza kuifungua blogu. Siku nilipojaribu, sikukuta kitu. Wenye jukwaa walikuwa wamelifunga. Kabla ya kulifunga walimwandikia kila mtu aje achukue vitu vyake, na barua yangu ilikwenda kwenye imeli ya mama wa saiba. Naye alikuwa amefunga duka na kurudi ushago, kijijini kwao. Binti yangu alimtafuta hadi akampata kwa simu.

"Guka, nisamehe," alisema akilia. "Hiyo imeli ilikuwa ya duka. Tangu nifunge sijaiangalia."

"Huna kosa, mama," nilimwambia. "Wewe uliniuliza."

Binti yangu hakusema "nilikwambia." Alikuja Jumamosi, akanifungulia imeli yangu, akanifungulia blogu kwenye lile jukwaa jeupe, akasema, "Andika, baba." Naandika. Zimefika kumi na moja, kila moja ina nakala kwenye faili lililofungwa kamba, na wasomaji wa zamani wamerudi. Wanasema ni nzuri, na mimi naona ni nzuri. Lakini ni zangu. Ya kwake imebaki moja tu, ile ya suti, katika ratiba ya kanisa. Visa vyote navikumbuka, ila nikifika mahali pake pa kuchekesha, anayezungumza ni karani wa reli.

Kutoka Jumatano hadi Jumamosi ni siku tatu. Kwa kukataa kuzingoja, nimepoteza hadithi arobaini na saba katika maneno ya mke wangu mwenyewe, na yeye hayupo wa kuzisema tena.