Bi Sabuni na Mzani wa Wodi ya Watoto

Babu yake alichimba visima, na maji yake hayakuwahi kumdhuru mtu. Bibi yake alikuwa mkunga aliyechemsha kila kitambaa kabla ya kumgusa mzazi. Baba yake, karani wa zahanati, kwa miaka thelathini hakuandika neno asiloliona kwa macho yake.

Katika ukoo huo wa watu walionyooka ndiko alikotoka mwanamke ambaye, saa kumi na mbili hii ya asubuhi, anausugua mzani wa wodi ya watoto kama anayeosha sahani ya mgeni.

Wodi nzima humwita Bi Sabuni. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa amepiga deki sakafu hizi kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja.

Mwaka jana wodi ilifedheheka. Mtoto alilazwa kwa mguu uliovunjika, na siku ya tatu akaanza kuharisha na kutapika. Vipimo vilionyesha kirusi cha tumbo alichokipatia humo humo hospitalini. Kwa mwezi mmoja waliugua watoto kumi na mmoja. Muuguzi mkuu aliulaumu uji ambao akina mama walileta kutoka nyumbani, akaupiga marufuku.

Kuharisha hakukukoma. Bi Sabuni, aliyesafisha uchafu huo, aligundua kwamba ugonjwa unafuata njia ya mzani. Kila asubuhi mzani ulianzia chumba cha wanaoharisha, kilicho jirani na stoo, ukasukumwa hadi kitanda cha mwisho, juu yake kitambaa kile kile kimoja.

"Si uji, Sista. Ni mzani," alimwambia muuguzi mkuu.

"Tangu lini deki ikasomea udaktari, Bi Sabuni?"

"Haijasoma, Sista. Lakini ndiyo inayopita chini ya kila kitanda."

"Na ukikosea?"

"Nipe siku kumi na nne. Nikikosea, usiusaini mkataba wangu."

Muuguzi mkuu alikubali. Tangu siku hiyo mzani ulioshwa kwa sabuni na maji kila baada ya mtoto mmoja, ukapakwa dawa ya klorini, ukaachwa dakika kumi, ukatandikwa kitambaa kipya. Wanaoharisha walipimwa mwisho. Kazi ya nusu saa ikala asubuhi nzima.

"Mama, unaupika huo mzani?" aliuliza muuguzi mmoja kijana.

"Umeiva, mwanangu. Njoo upakue."

Siku ya tisa, mtoto wa kitanda cha sita alitapika. Macho yote yalimgeukia Bi Sabuni. Alifunga kanga yake kwenye mfuko, tayari kuondoka, akakaa koridoni kusubiri majibu.

Daktari alitoka na karatasi. "Hana kirusi. Ni kikohozi kilichomtapisha. Rudi kazini, mama."

Siku ya kumi na nne ilipita bila mgonjwa mpya. Miezi saba imepita vilevile.

"Nilimdharau, nikamwomba radhi mbele ya wodi," anasema muuguzi mkuu, aliyempigania akapata mkataba wa miaka miwili.

Bi Sabuni sasa anaomba jambo moja: chumba cha wanaoharisha kipate mzani wake, naye apewe saa moja ya kulifundisha kila kundi la wauguzi wapya.

Nanyi vijana mnaoingia kazini, zingatieni. Osheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla na baada ya kumgusa kila mtoto. Na anayewaonya akiwa ameshika deki, simameni wima mumsikilize.