Kulwa kwa L, Kurwa kwa R

Siku ya kwanza niliporipoti kitengo cha kumbukumbu, katika hospitali moja hapa Mwanza, Mkuu wa Kitengo alinikalisha mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha yoyote. "Humu unaandika amri," alisema. "Ukikosea herufi moja, mashine haikuonei huruma." Akanifundisha grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili bila kuyafungua moja moja.

Nilifanya kazi chini ya wakuu watatu. Wa mwisho, mama mkali asiyependa kungoja, ndiye aliyekuwepo asubuhi ile mfumo ulipogoma na daktari wa upasuaji akapiga simu.

"Tuna mjamzito wa Misungwi, anaitwa Kulwa, hajitambui. Mumewe anasema uzazi wa kwanza, hapahapa, kuna dawa ilitaka kumuua. Jina la dawa halijui. Hatuwezi kusubiri."

Nakala za kumbukumbu zilikuwepo kama maandishi matupu, faili moja kwa kila mwezi. Nikaandika:

grep -i "kulwa" *.txt

Hiyo -i inaiambia mashine isijali herufi kubwa na ndogo; *.txt ni mafaili yote. Wakaja Kulwa wa Buzuruga, wa Buswelu, wa Magu. Wa Misungwi hakuna.

"Waambie hana rekodi," Mkuu alisema.

Nikashika simu. Ndipo nikamkumbuka karani wetu wa zamani wa mapokezi, aliyeandika kama alivyotamka: kalamu aliiandika karamu, chakula chakura. Nikairudisha simu mezani.

"Unafanya nini wewe?"

"Naomba kidogo tu, mama."

grep -i -C 5 "ku[lr]wa.*misungwi" *.txt

Mabano yanamaanisha L au R, yoyote. Nukta na nyota: chochote katikati. -C 5 inaleta mistari mitano ya juu na mitano ya chini.

Akatokea mmoja. Kurwa, Misungwi, mume Masanja. Chini yake: "Penisilini. Koo limevimba, pumzi imekata."

Nilimpigia daktari. "Mumewe anaitwa nani?"

"Masanja."

"Msimpe penisilini!"

Daktari akasema taratibu, "Nesi ameshaivuta kwenye sindano."

Walibadilisha dawa. Mama akapona, mtoto akalia. Mkuu hakunisifu, alikaa akafunika uso kwa viganja.

Sasa nimestaafu. Kinachonisumbua bado ni ile simu niliyokuwa nimeshaishika, niseme hana rekodi. Juzi binti aliyechukua nafasi yangu alinipigia.

"Shikamoo mama. Kuna mgonjwa nimemtafuta kote, hayupo."

"Marahaba, mwanangu. Jina lake umeliandikaje?"